Walioondolewa kwa ada wakarudi bila alama: kisa cha wadhifa nilioutoa kwa dakika mbili

Binti wa mwaka wa pili aliingia ofisini na simu mkononi, akanionyesha picha ya skrini aliyoipiga katikati ya muhula. Somo la Takwimu: jaribio la kwanza 16, la pili 15, kila moja kati ya 20. Jumla 31 kati ya 40. Kisha akafungua mfumo wa masomo wa chuo mbele yangu. Mahali pa 16 palikuwa na kistari. Mahali pa 15, kistari. Matokeo ya awali yalikuwa yamebandikwa asubuhi ile na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya sapu, yaani wanaotakiwa kurudia mtihani.

"Kaka, sapu hii mimi siijui," akasema.

Kufika saa sita walikuwa zaidi ya kumi mlangoni. Naibu mkuu wa taaluma akanipigia simu na swali moja tu: tumeingiliwa? Nikamjibu kwamba nachunguza. Moyoni nilitamani iwe hivyo, kwa sababu mdukuzi ni mtu wa nje, na mtu wa nje hana namba ya simu ya mke wangu.

Chuo chenyewe ni cha kati, cha stashahada, hapa Tanzania, na sitakitaja. Mfumo wake wa masomo mtandaoni ni Moodle, ule uliotolewa toleo la kwanza mwezi Agosti 2002 na Martin Dougiamas wa Australia. Vyuo vingi vya kwetu vinautumia kwa sababu hauna ada ya leseni, na seva ya kawaida inaubeba. Mimi ndiye msimamizi wake kwa mkataba: siku tatu kwa wiki, pamoja na kutengeneza printa, ambayo haimo kwenye mkataba.

Kumbukumbu za mfumo zilisema nini

Moodle huandika karibu kila kitu: nani, lini, kutoka anwani gani ya intaneti. Nilianza na yule binti. Hakukuwa na mtu aliyegusa alama zake. Kilichokuwepo ni mstari mmoja wa siku 71 nyuma: usajili wake katika kozi ya Takwimu umefutwa. Wiki kadhaa mbele, mstari mwingine: amesajiliwa upya.

Nikapanua utafutaji kwa siku ile. Mistari 222, yote ndani ya saa moja ya mchana, yote kutoka akaunti moja. Wanafunzi 37 mara kozi sita za mwaka wa pili. Akaunti ilikuwa ya karani wa ada, na anwani ilikuwa ya kompyuta ya ofisi ya uhasibu, ghorofa ya chini, hatua ishirini kutoka kwenye kiti changu.

Nilishuka. Karani ni dada makini. Risiti zake hazijawahi kupishana na benki hata kwa shilingi mia. Nilipomwonyesha orodha hakubabaika hata kidogo. "Kaka, mimi niliambiwa niwatoe. Nikawatoa." Akafungua faili akatoa barua ya uongozi, ina muhuri na saini: wanafunzi ambao hawajafikisha nusu ya ada ifikapo tarehe fulani *waondolewe kwenye mfumo*. Orodha iliyoambatanishwa ilikuwa na majina 46.

Hakuna aliyevunja agizo. Agizo lilitekelezwa neno kwa neno.

Kuondoa na kusimamisha

Ndani ya Moodle, orodha ya washiriki wa kozi ina menyu ya kufanya jambo moja kwa watu wengi. Kwa waliosajiliwa na mtu wa ofisi, menyu hiyo ina mistari miwili iliyokaa jirani. Wa kwanza unahariri usajili wa waliochaguliwa, na ndani yake ndimo unamoweza kubadili hali kutoka "hai" kwenda "amesimamishwa". Wa pili unafuta usajili. Barua inasema ondoa, menyu inasema futa. Karani yeyote anayejua Kiswahili angebonyeza wa pili.

Tofauti ya mistari hiyo ni hii. Aliyesimamishwa haoni kozi, lakini kila kilicho chake kinabaki mahali pake: kundi lake, alama zake, historia yake. Siku akilipa unarudisha hali kuwa "hai", na yeye anaendelea kama mtu aliyetoka nje kupokea simu. Aliyefutwa ni mwingine. Mfumo unamtoa kwenye makundi ya kozi, unamvua wadhifa wa mwanafunzi, yaani ruhusa zake ndani ya kozi, uliokuja na usajili ule, na unaondoa safu yake katika daftari la alama. Kazi alizopakia na majaribio aliyoyafanya ndani ya mfumo havifutwi, vimelala kwenye hifadhidata. Alama zake zinahamishiwa kwenye historia ya alama, mahali ambapo mwalimu wa kawaida hafiki na mwanafunzi hajui kama pako.

Hapo ndipo jaribio la karatasi linapoumia kuliko mengine. Jaribio la mtandaoni lina asili yake: majibu yapo, unaweza kuliambia likokotoe tena. Jaribio la karatasi mwalimu alilolisahihisha nyumbani na kuingiza namba kwa mkono halina kitu nyuma yake ndani ya mfumo. Ile namba ndiyo kila kitu. Na sisi, kwa sababu ya bando na umeme, zaidi ya nusu ya majaribio yetu ni ya karatasi.

Kuna kisanduku kidogo cha kuokoa hali hii. Unapomsajili mtu upya kwa mkono, ukifungua sehemu ya mambo ya ziada, utakuta chaguo la kurejesha alama za zamani kama inawezekana. Kwa kawaida ya mfumo hakijawekwa tiki. Karani hakujua kipo, na wapi angejulia? Mafunzo niliyompa yalikuwa ya dakika kumi, nimesimama nyuma ya kiti chake.

Majina 46, watu 37

Hesabu hii ilinisumbua usiku mzima. Kwa nini wadaiwa 46 wapo kwenye orodha lakini waliofutwa ni 37?

Wale tisa walikuwa wamechelewa kuripoti mwanzoni mwa muhula. Ofisi ilikuwa imeshamaliza kusajili darasa, wakaambiwa wajiingize wenyewe kwa ufunguo wa kozi, yaani lile neno la siri ambalo mwanafunzi analiandika na mlango unafunguka. Moodle inahesabu njia za kuingia kozini kila moja kivyake: usajili wa ofisi ni njia moja, ufunguo ni njia nyingine, kundi zima kuunganishwa na kozi ni njia ya tatu. Mtu anaweza kuwa na njia mbili kwa wakati mmoja, na moja ikiwa hai inatosha kumweka darasani. Karani alifuta waliosajiliwa na ofisi. Wale tisa hawakuguswa, wakaendelea kusoma muhula wote. Baadhi yao walikuwa wanadaiwa kuliko yule binti.

Wanafunzi waliliona hilo kabla yetu, na walishaamua kwamba tisa hao wana wajomba uongozini.

Ufunguo wenyewe, bila shaka, ulikuwa kwenye kundi la WhatsApp la darasa. Kwa hiyo kati ya 37 waliofutwa, 34 walirudi kwa njia mbili. Ishirini na wawili walilipa na kurudishwa na karani. Kumi na wawili walijirudisha kwa ufunguo, na watano kati ya hao hawakuwa wamelipa hata senti. Adhabu ya ada iliwashika waliotii tu, kama kawaida ya adhabu zisizochunguzwa. Watatu hawakurudi kabisa.

Kosa langu

Sasa nije kwenye swali ambalo naibu mkuu alikuwa na haki ya kuniuliza, akaniuliza: karani wa ada alipata wapi uwezo wa kufuta mtu kozini?

Nilimpa mimi.

Mwaka uliotangulia orodha ya wadaiwa ilikuwa inatoka kwa mhasibu, inapita kwa wakuu wa idara, inanifikia kwa WhatsApp ikiwa picha ya karatasi iliyokunjamana. Aliyelipa Ijumaa jioni alifunguliwa Jumatatu, mimi nikiwepo. Wazazi walipiga simu. Mhasibu akaomba ofisi yake ifanye yenyewe, na ombi lilikuwa la haki kabisa. Nikaingia kwenye mfumo, nikampa karani wadhifa wa Meneja, ngazi ya mfumo mzima. Dakika mbili. Nikaenda kunywa chai.

Ukitaka kujua uzito wa dakika hizo mbili, fungua ukurasa wa nyadhifa usome orodha ya uwezo wa Meneja. Anahariri alama katika kozi yoyote. Anafuta kozi. Anaweza kuingia kwa jina la mtu mwingine na kuona anachokiona yeye. Karani wa ada alihitaji kitu kimoja: kubadili hali ya usajili wa mwanafunzi. Nilimpa ufunguo wa jengo zima kwa sababu sikuwa na subira ya kuchonga wa chumba kimoja.

Na kuna jambo lililonifumba macho. Meneja wa ngazi ya juu anaingia kozi yoyote bila kusajiliwa humo, kwa hiyo jina lake halionekani kwenye orodha ya washiriki. Walimu sita walikuwa wakifungua orodha zao muhula mzima na hawakuwahi kuona kwamba mtu wa uhasibu yumo ndani. Yupo kwenye ukurasa mwingine wa watumiaji wasiosajiliwa wenye wadhifa unaoshuka kutoka juu, lakini sijawahi kukutana na mwalimu anayeufungua.

Kihistoria, mkanganyiko huu una sababu. Moodle ilipoleta mpango wa nyadhifa mwaka 2006, katika toleo la 1.7, kumpa mtu wadhifa wa mwanafunzi kwenye kozi ndiko kulikuwa kumsajili. Mambo mawili yalikuwa kitu kimoja. Toleo la 2.0, mwaka 2010, likayatenganisha: usajili unajibu kama wewe ni wa darasa hili, wadhifa unajibu unaruhusiwa kufanya nini ukiwa ndani. Mimi nilijifunza Moodle kwenye toleo la zamani, na kichwa changu kilibaki huko. Chuo nacho kikaongeza swali la tatu, unadaiwa kiasi gani, kikataka lijibiwe kwa kitufe kilekile.

Kurudisha

Wazo la kwanza la uongozi lilikuwa kurudisha nakala rudufu. Haikuwezekana. Nakala zetu za kila usiku zinatunzwa siku 14, na hata kama ingekuwepo ya siku ile, kuirudisha kungefuta kazi ya miezi miwili ya chuo kizima ili kuokoa watu 37.

Ikabaki historia ya alama. Nilipofungua mipangilio yake jasho lilinitoka. Kwa kawaida historia hii haifutwi kamwe, lakini aliyetusimikia mfumo alikuwa ameiwekea ukomo wa siku 90 ili diski isijae. Tulikuwa siku ya 71. Sapu zingefanyika wiki nne baadaye, na kama yule binti angekubali yaishe, akasoma, akarudia mtihani kimyakimya, tungekuja kutafuta alama ambazo hazipo popote duniani. Jambo la kwanza nililofanya, kabla ya lolote, ni kuondoa ukomo ule.

Kisanduku cha kurejesha kina sharti: kikikuta mwanafunzi tayari ana rekodi ya alama katika kozi, kinaacha, hakigusi kitu. Wanafunzi 28 walikuwa wamerudi wiki ya mwisho kabla ya mitihani (ndipo wazazi walipouza mahindi) na hawakufanya kazi yoyote mpya. Kwa hao nilitengeneza nakala ya mfumo kwenye kompyuta yangu, nikajaribu kwa mmoja, nikaona zimerudi, ndipo nikaenda kwenye mfumo halisi: futa, sajili upya kwa mkono, tiki kwenye kisanduku. Kozi sita, watu 28. Ilichukua siku mbili kwa sababu kila mmoja nilimlinganisha na historia kabla ya kwenda kwa anayefuata.

Sita walikuwa wamewahi kurudi na kufanya jaribio moja jipya la mtandaoni. Ningeweza kuwapitisha njia ileile, na naamini ingefanya kazi. Sikuthubutu. Kumfuta mara ya pili mtu ambaye tayari umempotezea alama mara moja, mbele ya naibu mkuu, kunahitaji moyo ambao sina. Tulichapisha ripoti ya historia, tukaingiza namba kwa mkono, mwalimu wa kozi akisoma, mimi nikiandika, mkuu wa idara akisaini kila ukurasa.

Mwalimu wa Takwimu alikuja na kaunta buku yake. Ni mzee anayekaribia kustaafu, na tangu mfumo uanze amekuwa akichekwa kwa kuandika alama mara mbili. "Mimi alama zangu ninazo," alisema siku ya kwanza, akalipigapiga daftari kama mtu anayempigapiga ng'ombe wake. Tuliposoma historia pamoja naye, namba zote zililingana isipokuwa moja: mfumo ulisema 13, daftari likasema 18. Mwandiko wake, tatu na nane ni ndugu wa tumbo moja. Karatasi ya mtihani ilitafutwa kabatini ikapatikana: 18. Kosa hilo halikuhusiana na ufutaji, lilikuwepo tangu siku alama zilipoingizwa, na lisingeonekana kamwe. Walimu wawili kati ya sita hawakuwa na kumbukumbu yoyote nje ya mfumo. Siku hizi nawaona na kaunta buku.

Wadhifa wa chumba kimoja

Kutengeneza wadhifa mpya kulichukua alasiri moja. Tuliuita Karani wa Usajili. Unaruhusu kuingia kozi, kuona washiriki, kukagua usajili, na kusimamia usajili wa mkono, jambo linalojumuisha kusimamisha na kurudisha. Uwezo wa kufuta usajili ni kipengele tofauti kabisa na ule wa kuusimamia. Hatukuuweka. Alama hatukuziweka hata kwa kuona tu: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, haikuandikwa kwa ajili ya kampuni za simu peke yake, na mtu anayepokea ada hana shughuli na alama za mtoto wa mtu.

Nilikaribia kufanya kosa la pili. Kila uwezo katika Moodle una hali nne: haujawekwa, ruhusu, zuia, na kataza kabisa. Nikiwa bado na hasira na nafsi yangu, nikaweka "kataza kabisa" kwenye kuhariri alama, nikaona nimefunga mlango kwa kufuli na mnyororo. Kesho yake karani akaja. Kumbe yeye pia ni mwalimu wa muda wa somo la uhasibu, darasa la jioni, na asubuhi ile hakuweza kuingiza alama za wanafunzi wake mwenyewe. Katazo la aina hiyo linashinda kila wadhifa mwingine alio nao mtu, katika ngazi ile na zote zilizo chini yake. Wadhifa wa mwalimu katika kozi yake ulikuwa halali na haukufua dafu. Nikarudisha kuwa "haujawekwa". Akiwa karani hana ruhusa hiyo kwa sababu hakuna aliyempa, akiingia darasani kwake anaipata kwa ualimu wake. Ndiyo maana siku hizi simpi mtu wadhifa kabla ya kumuuliza kazi zake zote hapa chuoni, hata zile za jioni.

Ufunguo wa kozi nao umefungwa. Wachelewaji sasa wanasajiliwa na ofisi kama wengine, na ninayelalamikiwa kwa hilo ni mimi.

Lililonishinda ni barua. Niliomba neno "waondolewe" libadilishwe liwe "wasimamishwe", likabadilishwa bila ubishi. Niliomba pia mdaiwa asizuiwe masomo, azuiwe namba ya mtihani tu, kama ilivyokuwa kabla ya mfumo huu kuja. Kumfungia mtu notsi wiki saba kisha kumtaka afaulu ni kumdai mara mbili. Mhasibu alinisikiliza vizuri, akaniuliza mishahara ya walimu wa muda italipwa na notsi. Barua ya muhula huu ina majina 52. Wote wamesimamishwa, na kufikia jana 19 wamesharudi na alama zao.

Sapu ya yule binti ilifutwa. Wale watatu ambao hawakurudi, simu zao hazipatikani, na mmoja nimesikia yuko dukani kwa shangazi yake. Alama zao za majaribio, kozi sita kila mmoja, zimo kwenye historia. Siku ya 90 ilipita na hazikufutika.